Kaseti ya Hailu Mergia: bendi nzima mikononi mwa mtu mmoja

Addis Ababa ya miaka ya 1970, chini ya utawala wa kijeshi wa Derg, ilikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Aliyeingia Hoteli ya Hilton kucheza dansi alijua kwamba ikishapita saa sita hatoki tena mpaka kupambazuke, na bendi nayo ilikesha naye. Bendi hiyo ni Walias. Kwenye kinanda alikaa Hailu Mergia, aliyezaliwa 1946 Debre Birhan na kuanzia muziki jeshini.

Kupiga usiku kucha kunamfundisha mtu kurefusha wimbo. Mwimbaji hukauka koo, ala hazikauki. Tena muziki usio na maneno haukuwa na mengi ya kumkera mkaguzi wa serikali. Mwaka 1977 Walias walitoa Tche Belew, albamu ya ala tupu iliyochanganya jazi, fanki na skeli ya noti tano ya Kiethiopia. Mulatu Astatke mwenyewe, baba wa jazi ya Kiethiopia, alishiriki.

Mwaka 1981 bendi ilikwenda kufanya ziara Marekani. Ziara ilipokwisha, baadhi yao walirudi nyumbani. Wengine, Hailu akiwemo, wakabaki Washington. Walias ikawa imevunjika vipande viwili, bahari katikati.

Hapo ndipo ilipozaliwa kaseti ya 1985, Hailu Mergia and His Classical Instrument. Ala hiyo ya zamani inayotajwa kwenye jina ni kodiani, aliyoijua tangu ujana wake, kabla vinanda vya umeme havijashika kumbi za Addis. Aliingia nayo studio peke yake, pamoja na kinanda cha Rhodes, sinthesaiza za Moog na Yamaha DX7, na mashine ya ngoma. Besi ilikuwa yake, midundo yake, vibwagizo vyake. Kila sauti aliirekodi juu ya nyingine.

Sikiliza jinsi inavyokwenda. Mashine inagonga pale pale, kavu, haina jasho wala papara. Juu yake kodiani inaingia na wimbo wa zamani, inavuta pumzi, inachelewa kidogo, inazunguka noti moja kabla ya kuiachia. Mpenzi wa taarabu ataitambua haraka ile namna kodiani inavyolia bila kumwaga machozi. Kisha Moog inapita pembeni kwa sauti nyembamba kama mluzi, na Rhodes inaziba mapengo. Wapo wanaosema vyombo vya umeme viliua muziki wa ala za mkono. Kaseti hii inawakanusha. Mashine inashika mahali pa wenzake Hailu waliorudi Addis, na ugumu wake ndio unaoipa kodiani nafasi ya kuyumba.

Kaseti ikauzwa Ethiopia, ikachakaa, ikapotea machoni pa watu. Hailu aliacha jukwaa, akawa dereva wa teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles. Kinanda kidogo kilikaa kwenye buti. Foleni ya abiria ikiwa ndefu, alikitoa na kufanya mazoezi kiti cha nyuma.

Mmarekani mmoja mkusanyaji wa kaseti, Brian Shimkovitz, aliikuta nakala yake dukani Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana. Alimtafuta Hailu mwenyewe, akampigia simu, wakakubaliana, na mwaka 2013 albamu ikatolewa upya.

Ile simu si jambo dogo. Wasomaji wa Ryansoro na Gitega, kule Burundi, wana kisa chao. Ngoma za Burundi zilirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967, zikatolewa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja alizitandikia piano na magitaa, akaziuza kama Burundi Black, zikaingia kwenye chati za Uingereza. Miaka minne baadaye mwimbaji Joni Mitchell alizitumia tena, safari hii na Moog. Dunia iliucheza mdundo; wapigaji wenyewe hata leo wachache wanaweza kuwataja. Hailu, kwa bahati yake, alikuwa na jina kwenye jalada na simu ya kupokelea.

Alirudi jukwaani akiwa na zaidi ya miaka 65, bila kuacha teksi. Mwaka 2018 alitoa Lala Belu pamoja na Mike Majkowski kwenye besi na Tony Buck kwenye ngoma. Kodiani bado ipo humo. Safari hii mpiga ngoma anamsikiliza na kumjibu.