Krapf: Asili na Maana za Neno na Jina la Ukoo

Uhakiki wetu una mazoea ya kulifasiri jina la mhusika kana kwamba ni muhtasari wa tabia yake. Kwa majina yaliyobuniwa na mtunzi, mazoea hayo yana haki. Hatari huanza tunapoyahamishia kwa watu wa historia, mathalani Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka wa 1882, baada ya kifo chake.

Asili ya jina hili ni krapfo, neno la Kijerumani cha Juu cha Kale lililomaanisha kulabu au ukucha. Andazi lililopindwa kwa umbo la kulabu likapewa jina la umbo lake. Shina hilohilo, kupitia Kifaranki, ndilo lililozaa grappe ya Kifaransa, yaani kichala. Leo Krapfen ya Bavaria na Austria ni andazi la mviringo; kulabu imetoweka, jina limesalia. (Huko Berlin andazi hilo huitwa Pfannkuchen, na kwingineko Berliner. Mgeni na aagize kwa kidole.)

Hata hivyo, sauti yatueleza mengi kuliko maana. Kipasuo-kwamizo pf ni zao la mageuzi ya konsonanti yaliyozikumba lahaja za kusini, ilhali zile za kaskazini zilibaki na p: tofaa ni Apfel kusini, Appel kaskazini. Krapf, basi, ni jina lenye chapa ya kusini; na kweli mwenyewe alizaliwa mwaka wa 1810 Derendingen, karibu na Tübingen.

Kwa nini babu wa ukoo aliitwa hivyo? Majina ya ukoo yalianza kukita Ujerumani yapata karne ya 12, mengi yakitokana na kazi au lakabu. Huenda babu huyo alikuwa mwokaji wa maandazi. Huenda alikuwa na kibiongo, watu wakamtania kwa kulabu. Umbo la neno pekee haliwezi kuamua.

Kwa hiyo anayedai kwamba jina la mmisionari huyu lilimtabiria kazi ya kuwa ndoano ya kuvulia waumini, kwa hakika anahakiki utani aliofanyiwa mtu mwingine karne nyingi kabla yake. Krapf anayo ya kujibu, lakini ushahidi wake umo katika kamusi: namna alivyoyasikia maneno ya Kimvita, na maana alizoyapa.