Ukungu wa mwendo: namna skrini za kompyuta zinavyopimwa

Kwenye masanduku mengi ya skrini za kompyuta huandikwa kwa herufi kubwa: "milisekunde 1". Mnunuzi huamini kwamba picha zinazokimbia kwenye skrini hiyo hazitakuwa na ukungu. Hata hivyo, takwimu hiyo yaweza kuwa jibu la mojawapo kati ya maswali mawili tofauti.

La kwanza ni muda ambao pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, huchukua kubadilika kutoka rangi moja hadi nyingine. La pili ni muda ambao kila picha hubaki mbele ya jicho. Katika skrini nyingi za sasa, hili la pili ndilo chanzo kikuu cha ukungu.

Chanzo chenyewe

Skrini huonyesha mfululizo wa picha zilizotulia. Jicho linapofuata kitu kinachokimbia, huteleza pamoja nacho bila kusita. Kwa kuwa picha husimama huku jicho likiendelea, kingo zake huonekana zimepakazwa, mithili ya wino mbichi uliopitishwa kidole. Televisheni za zamani za mirija ziliepuka sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwani kila sehemu ya picha iling'aa kwa muda mfupi kisha ikafifia.

Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila moja hubaki kwa takribani milisekunde 16.7. Kitu kikisogea pikseli 960 kwa sekunde, ukungu wake hufikia upana wa pikseli 16. Kwa hezi 120, iwapo kompyuta nayo inatoa picha 120 kwa sekunde, ukungu hupungua hadi pikseli 8.

Mmweko na gharama yake

Baadhi ya skrini hupunguza ukungu kwa kuwasha taa ya nyuma kwa kitambo kifupi tu katika kila picha. Taa ikiwaka kwa milisekunde 1, ukungu wa mfano huo hushuka hadi pikseli 1 hivi. Lakini kwa hezi 120, taa hiyo huwaka kwa takribani asilimia 12 tu ya muda wote, hivyo mwangaza hupungua sana isipokuwa taa iongezewe nguvu. Aidha, wapo watu wanaoumwa kichwa au kuchoka macho kwa sababu ya mimweko hiyo, hata wasipoitambua.

Jinsi ya kupima

Ukurasa wa TestUFO, uliotengenezwa na Blur Busters, huonyesha chombo cha angani kinachopita upande hadi upande. Mpimaji huweka skrini kwenye kiwango chake cha juu cha hezi, akakifuata chombo hicho kwa macho, kisha akawasha mmweko na kulinganisha. Juu, katikati na chini ya skrini hukaguliwa kila mahali peke yake. Kivuli cha pili kikionekana nyuma ya chombo, huenda taa imemweka kabla ya pikseli kumaliza kubadilika. Kivuli hutokea pia kompyuta inapotoa picha chache kuliko idadi ya mimweko.

Kamera iliyosimama hainasi kile ambacho jicho huona. Ni lazima iteleze sambamba na chombo, kwa kasi ileile, wakati wa kupiga picha.

Mwaka 2022, shirika la viwango vya skrini la VESA lilianzisha kipimo cha ClearMR, kinacholinganisha pikseli safi na zenye ukungu. Daraja la 7000 humaanisha kwamba pikseli safi ni mara 65 hadi 75 ya zile zenye ukungu.

Kwa mnunuzi, dakika chache za kulijaribu jambo hili dukani, mmweko ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa, zina thamani kuliko tarakimu moja iliyochapishwa kwenye sanduku.