Kupunguza Utegemezi wa Kivinjari ili Kulinda Taarifa Binafsi

Kivinjari ni programu ya kufungulia tovuti katika kompyuta au simu. Cha kwanza kilitengenezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kwa ajili ya kusoma na kuandika nyaraka. Leo kivinjari kimoja hubeba barua pepe, miamala ya benki, nywila na maombi ya huduma za Serikali. Mlango huo mmoja ukivunjwa, vyumba vyote hubaki wazi.

Mtumiaji anapoingia katika akaunti, tovuti huhifadhi ndani ya kivinjari faili dogo liitwalo kuki, teknolojia iliyoanza mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape. Kuki humwezesha kuendelea na kazi bila kuandika nywila kila mara. Mhalifu akiiiba kwa kutumia programu hasidi, anaweza kuingia katika akaunti hiyo bila kuulizwa nywila. Kuki za matangazo nazo hufuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Kinga mojawapo ni kutenganisha kazi. Barua pepe inaweza kusomwa kwa programu yake maalumu, mfano Thunderbird, huku upakiaji wa picha za mbali ukiwa umezuiwa. Nywila zihifadhiwe katika programu ya kutunzia nywila badala ya kivinjari. Kwa huduma zilizopo, mwananchi wa Tanzania anaweza kupiga *152*00# bila intaneti, hivyo kutoacha kuki wala historia ya tovuti.

Hata hivyo, programu ya simu si salama kwa sababu tu si kivinjari. Ipakuliwe kutoka duka rasmi, na inyimwe ruhusa isizozihitaji. Programu ya tochi haina haja ya orodha ya majina ya simu. Kazi zinazobaki katika kivinjari zifanyike katika toleo jipya, viongezi visivyohitajika viondolewe, na mtumiaji atoke katika akaunti amalizapo, hasa kwenye kompyuta ya pamoja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini taarifa ikishasambaa, ni vigumu kuirudisha. Kinga huanza kwa mtumiaji mwenyewe.