Densiti ya mbao, ugumu na msongamano: tofauti na matumizi

Densiti ya mbao ni tungamo la kipande cha mti kilichokaushwa kabisa, likigawanywa kwa ujazo wa kipande hicho kilipokuwa kibichi. Hutajwa kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Nomino *densiti* ni ya ngeli ya I-/ZI-: *densiti kubwa, densiti ndogo, densiti hizi*. Katika matini za ikolojia ni istilahi ya msingi, kwa kuwa huhusishwa na kasi ya ukuaji wa mti na uwezekano wake wa kuendelea kuishi. Wafasiri wengi huitafsiri kwa maneno ya kawaida ambayo tayari yana kazi nyingine, na hapo ndipo maana hupotea.

Mti, ubao, mbao

*Mti* ni mmea, lakini pia ni maada itokanayo na mmea huo: *kijiko cha mti, sanamu ya mti*. *Ubao* ni kipande kilichopasuliwa, na wingi wake ni *mbao*. Katika Kiswahili sanifu husemwa *ubao huu ni mzito, mbao hizi ni nzito*. Kwa wauzaji wa Buguruni na mafundi wa samani wa Keko, kama ilivyo katika maduka ya Kariakoo, husikika *mbao moja, mbao hii*, kwa sababu *ubao* umezoeleka zaidi kwa maana ya ubao wa darasani. Matumizi hayo yanafaa katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi upatanisho wa kisarufi uzingatiwe. Kivumishi *laini* hakichukui kiambishi: *mti laini, mbao laini*.

Ngumu, nzito, yenye kudumu

Mnunuzi wa Dar es Salaam anapouliza kama mbao ni *ngumu*, mara nyingi huwa ameuliza mambo matatu kwa neno moja: kama inakataa msumari, kama ina uzito, na kama haitaliwa na mchwa. Sifa hizo hukutana katika mpingo, ambao densiti yake huzidi 1, hivyo kiini chake huzama majini. Hata hivyo, hazikutani kila mara. Mvule na mninga zina densiti ya wastani tu, lakini kiini chake hudumu miaka mingi kwa sababu ya kemikali zilizomo ndani yake. Kwa upande mwingine, paini kutoka Sao Hill, inayotumika sana kwa kenchi, hudumu zaidi inapotiwa dawa. Dawa hiyo huongeza udumivu wake pasipo kuigeuza kuwa mbao ngumu.

Tahadhari nyingine inahusu mgawanyo wa kibotania. Baadhi ya lugha za Ulaya huita miti yote ya majani mapana kwa jina lenye maana ya ugumu, na jamii ya misonobari kwa jina lenye maana ya ulaini. Tafsiri ya neno kwa neno huuweka msufi, ambao mbao zake ni nyepesi mno, katika kundi la *miti migumu*. Katika matini ya sayansi, *miti ya majani mapana* na *miti ya jamii ya misonobari* hueleza jambo lenyewe bila kumpotosha msomaji. *Mbao ngumu* na *mbao laini* yabaki katika lugha ya biashara.

Msongamano

*Msongamano* ni hali ya vitu au watu wengi kubanana mahali pamoja: *msongamano wa watu Kariakoo, msongamano wa magari*. Baadhi ya matini hulitumia badala ya *densiti*. Tazama sentensi hii:

*Miti yenye msongamano mkubwa hukua polepole.*

Msomaji ataelewa kwamba miti imeota kwa kukaribiana. Hatari ni kwamba maana hiyo nayo ina mantiki, kwa kuwa miti iliyobanana hugombea mwanga na maji. Kwa hiyo kosa halijitokezi. Mkulima au mlinzi wa msitu atahitimisha kwamba dawa ni kupunguza miti, ilhali mwandishi alizungumzia aina ya miti ambayo maumbile yake ni ya kukua taratibu, hata ikipewa nafasi. *Msongamano wa miti* utumike kwa idadi ya miti katika hekta. *Densiti ya mbao* itumike kwa maada ya shina.

Densiti, ukuaji na uhai wa mti

Uhusiano unaoelezwa na istilahi hii ni wa gharama. Mti unaojenga seli zenye kuta nene hutumia chakula kingi kwa kila sentimita ya shina, hivyo hunenepa taratibu. Faida yake ni kwamba shina halivunjiki kwa urahisi matawi ya jirani yanapoliangukia, na kwa kawaida hustahimili zaidi kuvu na ukame. Mti wa mbao nyepesi hurefuka upesi kwa gharama ndogo na kuwahi mwanga palipoanguka mti mkubwa. Lakini, kwa wastani, hufa mapema.

Msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, una mifano ya pande zote mbili. Katika viwanja vya utafiti vya Edoro na Lenda, vilivyoanzishwa mwaka 1994 na vyenye jumla ya hekta 40, miti hupimwa na kupimwa tena baada ya miaka kadhaa. Sehemu za Lenda hutawaliwa na *Gilbertiodendron dewevrei*, mti wa mbao nzito ambao miche yake hustahimili kivuli kizito. Wenyeji huuita *mbau*. Jina hilo lisisahihishwe kuwa *mbao*. Kinyume chake ni *Musanga cecropioides*, mti mwepesi sana unaoota mashamba yanapoachwa, hukua haraka na hauishi muda mrefu. Nchini Tanzania, *Maesopsis eminii*, uliopandwa Usambara Mashariki, ulienea hasa katika mapengo ya misitu iliyovunwa, ambako kasi ya ukuaji ni faida.

Kanuni hii ni ya wastani. Udongo, mwanga na umri hubadili matokeo, na kwa miti mikubwa uhusiano kati ya densiti na kasi ya ukuaji hudhoofika. Kiambishi *hu-* pekee huifanya sentensi isikike kama sheria isiyo na mwanya. *Kwa wastani* au *kwa kawaida* viongezwe.

Mifano ya matumizi

Epuka: *Miti migumu huishi zaidi.*
Afadhali: *Kwa wastani, miti yenye densiti kubwa ya mbao hukua polepole, na wachache miongoni mwao hufa kila mwaka.*

Epuka: *Mti huu unavumilia giza.*
Afadhali: *Miche ya mti huu hustahimili kivuli.*

Epuka: *Mbao za mvule ni nzito, ndiyo maana hazioli.*
Afadhali: *Kiini cha mvule hudumu kwa sababu ya kemikali zilizomo ndani yake.*

Tazama pia: *kiini, gome, gogo, tungamo, udumivu.*