Sukuma: Neno la Upande Lililogeuka Kabila

Mwenye Kiswahili alisikiapo jina la Msukuma, aghalabu humjia akilini kitenzi kusukuma, na mizaha isiyokwisha huzaliwa hapo. Mizaha hiyo imefunika asili ya jina lenyewe.

Kasoli, wilayani Bariadi, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Katika lugha ya huko dunia ina pande nne: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Basukuma, basi, ni watu wa kaskazini. Mkaazi wa visiwani hatalistaajabia hilo, kwani naye amezitaja pande zake kwa pepo za kaskazi na kusi.

Lakini hakuna mtu akaaye kaskazini mwa nafsi yake. Jina hilo lilihitaji msemaji aliyesimama kusini, naye alikuwa Mnyamwezi wa pande za Tabora. Watu wa kaskazini nao wakamrudishia jina la aina hiyo hiyo: wakamwita Mdakama. Hayakuwa majina ya makabila mawili yaliyotengana, bali ya majirani wenye lugha zinazokaribiana mno, kila mmoja akimtaja mwenziwe kwa mahali alipo.

Mtu wa zamani alijitambulisha zaidi kwa himaya ya mtemi wake. Na hadi leo, huko Bariadi, wako wajiitao Bantuzu, watu wa Ntuzu. Utawala wa Kiingereza ulitaka jina moja la kuandika katika vitabu vyake. Mwaka 1946 watemi waliunganishwa katika shirikisho la Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, lakini jina halikufutika. Mwaka 2012 Bariadi ilitolewa katika Mkoa wa Shinyanga ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu. Mipaka ikahama, jina likabaki.

Leo Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, nao hulitaja jina hilo kwa fahari. Kijana wa Kasoli asemapo, "Mimi Msukuma," hasemi habari ya kusukuma kitu. Ametwaa neno ambalo jirani alimwonyeshea upande wake, akalifanya jina la kwao.