Reli Bondeni, Mtandao Mlimani

Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea hata Moshi mwaka 1911. Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal zama hizo, haikuupanda. Barua ziliteremshwa bondeni, zikapandishwa mlimani kwa njia nyingine. Intaneti nayo imefuata mwendo huohuo. Mkongo wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam mwaka 2009, lakini nyumba nyingi za Usambara hazikungoja waya: simu moja hutiwa kifurushi, ikawekwa dirishani kuelekea mnara, ikawagawia jamaa wote. Tofauti ipo, wala si ndogo. Barua iliyochelewa Mombo ilimsubiri mwenyewe. Kifurushi kikiisha muda, salio hupotea, hata kama mwanafunzi alilibania kwa somo la kesho.