Kinyozi hajinyoi, hata Uswisi

Siku moja nilimpelekea saa yangu iliyosimama fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye kijimeza chake cha vioo kiko chini ya ngazi za jengo kuukuu. Alifungua mfuniko wa nyuma, akabana lenzi jichoni, kisha akacheka. "Bwana mtangazaji," akasema, "usoni jina la huyu, tumboni kazi ya mwingine." Nikadhani nimeuziwa saa ya bandia. La hasha! Mzee akanieleza kuwa hiyo ni desturi ya zamani, na kwamba hata saa za matajiri ziko hivyo hivyo. Nikaenda kusoma, na leo nakuletea niliyoyakuta.

Tuanzie Paris, karne ya 18. Saa za mfukoni za zama zile zilikuwa nene kama kitunguu. Magurudumu yalikaa kati ya mabamba mawili mazima, moja sakafu na jingine dari. Fundi Jean-Antoine Lépine akaliondoa bamba la juu, na mahali pake akaweka vidaraja vidogo vya kushikilia magurudumu. Saa ikakonda. Kutokana na wazo hilo ndipo ukoo wa saa nyembamba ulipochipuka.

Mwaka 1903, Edmond Jaeger, naye wa Paris, aliwauliza mafundi wa Uswisi: nani ataweza kutengeneza mashine nyembamba mno nilizozibuni? Aliyeitikia ni Jacques-David LeCoultre wa Vallée de Joux, bonde la milimani ambako wakulima, wakifungiwa ndani na theluji, walizoea kuchonga vipuri vya saa majumbani mwao. Babu yake, Antoine LeCoultre, alikuwa ameunda mwaka 1844 chombo cha kupima hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Asiyeweza kupima hawezi kupunguza! Mwaka 1907 karakana hiyo ikatoa mashine ya saa ya mfukoni yenye unene wa milimita 1.38. Njiti ya kiberiti ni nene kuliko hiyo. Mwaka 1937 majina hayo mawili yakaunganishwa yakawa Jaeger-LeCoultre.

Sasa tulinganishe. Mwaka 1955 Vacheron Constantin, wakiadhimisha miaka 200 tangu kuanza kazi, walitoa saa ya mkono ambayo mashine yake ina unene wa milimita 1.64. Jirani zao Audemars Piguet nao walikuwa na mashine yao, milimita 1.64 vile vile. Je, ni bahati tu? Hapana. Mashine zote mbili zilizaliwa kwa Jaeger-LeCoultre.

Mwaka 1967 jambo likawa kubwa zaidi. Ilitengenezwa mashine inayojitia ufunguo yenyewe, kwa uzito unaozunguka mkono unapotikisika. Uzito huo ndio adui wa wembamba, maana hukaa juu ya mashine nzima. Lakini huu ulipita juu ya reli, ukibebwa na vigololi vya yakuti, na unene wote haukuzidi milimita 2.45. Audemars Piguet, Patek Philippe na Vacheron Constantin wote waliichukua, kila mmoja akaipa namba yake. Iliingia katika Royal Oak ya mwaka 1972, Nautilus ya mwaka 1976 na 222 ya mwaka 1977. Saa tatu zinazoshindana dirishani, moyo mmoja! Na Jaeger-LeCoultre walioiunda hawakuiweka katika saa zenye jina lao. Wahenga walinena: kinyozi hajinyoi.

Si kwamba hapakuwa na njia nyingine. Piaget walijitengenezea mashine ya milimita 2 mwaka 1957, na mwaka 1960 wakatoa inayojitia ufunguo ya milimita 2.3, kwa kuuzamisha uzito ndani ya mashine badala ya kuuweka juu. Mwaka 1976 Jean Lassale akashuka hadi milimita 1.2 kwa kuegemeza magurudumu upande mmoja tu juu ya vigololi. Lakini wembamba una gharama yake. Mashine ile ilikuwa dhaifu, na ikiharibika mara nyingi ilibidi ibadilishwe nzima. Kitu kisichotengenezeka, je, ni ushindi au ni majivuno?

Wakati huo huo saa za betri kutoka Japani, zilizoingia sokoni Desemba 1969, zilikuwa zikiibomoa nyumba. Wafanyakazi wa saa Uswisi walikuwa kama 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na kitu. Hata hivyo ile mashine ya mwaka 1967 ilidumu. Audemars Piguet waliendelea kuitumia katika Royal Oak nyembamba mpaka mwaka 2022, miaka 50 kamili.

Je, wanunuzi wa saa hizo walidanganywa? Mimi sisemi hivyo. Kila nyumba iliipokea mashine ikiwa haijakamilika, ikaing'arisha, ikaiunga na kuirekebisha kwa mikono ya mafundi wake. Kosa liko kwetu sisi tunaosoma jina usoni na kudhani tumemaliza habari. Wangapi leo wanalitaja lile bonde la theluji, au yule mtu aliyeketi kunyoa chuma mpaka kikabaki chembamba kama ukucha? Jina hulipwa, mkono husahauliwa.

Saa yangu ilipona. Nilimlipa mzee alichotaja, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyopita mbele ya meza yake, nikamuuliza jina lake.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.